MASWALI YA WASOMAJI: Prince Philip ni Mgiriki au Mjerumani?

*Mjomba shikamoo. Hapa kijiweni kwetu Mtanda, Lindi, tunabishana tangu juzi. Jamaa mmoja anasema yule Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Uingereza, aliyekuja kutukabidhi uhuru 1961 bibi yake ni binti wa kifalme wa Kijerumani, na eti wakubwa wa Wajerumani na Waingereza waliopigana hapa kwetu Mahiwa kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia walikua ndugu. Mimi nikasema Philip ni Mgiriki, kila mtu anajua. Tumewekeana soda. Nani kapatia? Msomaji, Lindi.*

Marahaba mpwa wangu. Lipa soda.

Ugiriki wa Philip ni kwa baba tu, na hata huo ukoo wa baba yake ulitokea Denmark. Sasa sisi watu wa kusini tunahesabu ukoo kwa mama, hebu tuufuate upande huo maana ndo wenye utamu. Mama yake Philip anaitwa Alice wa Battenberg, alizaliwa kiziwi, akajifunza kusoma midomo ya watu mpaka akawa anafuata maongezi ya Kiingereza na Kijerumani kwa macho. Mama yake Alice ndo huyo binti wa kifalme mnayembishania, Victoria wa Hesse, amezaliwa 1863, baba yake akaja kuwa mtawala wa Hesse, jimbo la Ujerumani ambalo makao yake yalikua Darmstadt, na mama yake ni mtoto wa Malkia Victoria wa Uingereza. Kwahiyo jamaa yako yuko sawa, ni bibi mzaa mama kabisa.

Huyu Victoria kwao walizaliwa 7, yeye wa kwanza, na utoto wao haukua wa raha kama mnavyodhani watu wa majumba makubwa. 1873 mdogo wake wa kiume Friedrich, ana miaka miwili, alidondoka dirishani chumbani kwa mama yao, na kwa vile alikua na ugonjwa wa damu kutoganda akafa siku hiyohiyo. Afu 1878 ikaingia dondakoo ndani ya nyumba, na wa kwanza kuugua alikua Victoria mwenyewe, ana miaka 15, kisha ikazoa karibu wote na baba yao juu, kale kadogo ka mwisho May kakafa. Mama yao akawaficha wengine msiba huo siku kadhaa wasije wakazidiwa, mwisho akamwambia mwanae Ernst, mtoto akalia sana, mama akashindwa kuvumilia akambusu. Haikupita muda na yeye kashikwa, akafa tarehe 14 Desemba, tarehe ileile aliyokufa baba yake miaka 17 nyuma. Hiyo dondakoo ndo mojawapo ya magonjwa ambayo watoto wetu wanachomwa chanjo kliniki, wale wanaokwepa kliniki wasome hapo mara mbili.

Basi Victoria akawa ndo mama wa wadogo zake. 1884 akaolewa Darmstadt na Louis wa Battenberg, Mjerumani aliyeingia jeshi la majini la Uingereza tangu ana miaka 14. Na hapa kuna umbea ambao siwezi kuuacha: siku hiyohiyo ya harusi ya binti, baba mtu akachomoka kimyakimya akaenda kufunga ndoa na mwanamke wake aliyeachika kwa mwanadiplomasia wa Urusi, huku mama mkwe wake Malkia Victoria yuko humohumo mjini kaja kwenye harusi! Ilivyojulikana ukoo mzima ulimjia juu na ndoa ikavunjwa mwaka huohuo.

Sasa swali la vita. Mama yake Kaiser Wilhelm, yule mfalme wa Ujerumani, na mama yake Victoria ni dada wa tumbo moja, kwahiyo Kaiser kwa Victoria ni mtoto wa mama mkubwa, na Mfalme George wa Uingereza ni mtoto wa mjomba. Halafu mdogo wake Victoria, Irene, akaolewa na Heinrich, mdogo wake Kaiser, yaani kaolewa na mtoto wa mama yake mkubwa, jambo ambalo huku kwetu wazee wangeitisha kikao (mtoto wa mjomba wangekuachia, ila wa mama mkubwa ni kaka yako huyo). Heinrich alikua admirali wa Ujerumani, na Oktoba 1914 wakati manowari ya Kiingereza Chatham inakuja Lindi kwenu kupekua ile meli ya Kijerumani Präsident iliyofichwa mtoni, mkuu wa jeshi lote la majini la Uingereza alikua Louis, mume wa Victoria. Wanyumba kabisa hao, kila mmoja na bendera yake. Mwisho wa mwezi huohuo Louis alijiuzulu kwa sababu watu walikua wanamsema ni Mjerumani, na 1917, mwaka wa Mahiwa, familia ikabadilisha jina ikawa Mountbatten.

Wadogo zake Victoria wawili waliolewa Urusi na wote waliuliwa na Wabolsheviki, wale wanamapinduzi wa kikomunisti, Julai 1918, Alix aliyekua mke wa mfalme Nicholas alipigwa risasi na mumewe na watoto wao wote, na kesho yake Elisabeth akatupwa kwenye shimo la mgodi. Mifupa ya kina Alix ilivyofukuliwa 1991 wataalamu walihitaji damu ya mtu wa ukoo wake kwa mama, kwa sababu kuna sehemu ya DNA anayoirithisha mama peke yake, na aliyetoa damu ni huyohuyo Philip wenu. Ikaoana. Kwa upande wa baba zao wasingepata kitu.

*Habari mjomba, mwanangu wa kiume akijikwaruza kidogo damu inachelewa kukata. Mtu kaniambia huo ni ugonjwa wa wafalme, unatokana na kuoana ndugu. Mimi na mumewangu hatuna undugu wowote. Mama Msomaji, Chikongola, Mtwara.*

Aliyekuambia kakosea, dada yangu. Unaitwa hemofilia, mama anaweza kuubeba bila kuumwa akampa mwanae wa kiume, baba awe ndugu au mgeni wa mbali. Malkia Victoria aliubeba, ukashuka kwa binti yake, kisha kwa Irene na Alix, wakati Victoria wa Hesse na uzao wake haukuwagusa. Irene alipoteza mtoto wa miaka minne 1904. Siku zile hakukua na dawa, siku hizi zipo za kusaidia damu igande. Siwezi kusema mwanao anao, kipimo ndo kitasema, kwahiyo mpeleke hospitali ya rufaa pale Ligula, waeleze na kama una kaka au wajomba waliokua hivyo, na kwa sasa akiumwa kichwa usimpe aspirini.