Potosí: pitia Sucre kwanza

Potosí, mji wa wachimba fedha huko Bolivia, uko mita 4,000 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na kambi ya Barranco ya Kilimanjaro. Tofauti ni kwamba Barranco hufikiwa siku ya tatu kwa miguu, mwili umeshaanza kuzoea. Potosí wewe hushushwa na basi bila mwili kuzoea, na hapo ndipo safari za wengi huharibika.

Usitue La Paz, maana uwanja wake wenyewe umepita mita 4,000. Ukitoka Afrika Mashariki, pita Addis Ababa na São Paulo, kisha Santa Cruz iliyo tambarare, halafu Sucre, mita 2,800. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkononi. Lala Sucre siku tatu, ndipo upande basi: kilomita 160 hivi, mwendo wa saa tatu hadi nne.

Siku ya kwanza Potosí usifanye lolote la maana. Tembea polepole, kunywa maji, acha pombe, kula kidogo usiku. Chai ya majani ya koka inasaidia kiasi, lakini si tiba, na majani yenyewe usirudi nayo nyumbani. Wanaotumia acetazolamide, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, kwa kawaida humeza miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Muulize daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa hukudhuru. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Kuyumba, kuchanganyikiwa au kuhema ukiwa umekaa ni hatari: teremka Sucre saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Ukishazoea, anza na Casa de la Moneda, kiwanda cha sarafu kilichojengwa kuanzia 1759 hadi 1773. Huingii bila mwongozaji, kwa hiyo ulizia ratiba siku moja kabla. Angalia mashine za mbao za kubana madini ya fedha, kisha shuka chini yake walikozungushwa nyumbu. Waafrika waliofanywa watumwa nao walitumikishwa katika kazi hii. Mwombe mwongozaji akueleze habari zao, asipite haraka. Vaa koti, kwani kuta nene hufanya ndani kuwe na baridi kuliko barabarani.

Cerro Rico, mlima uliochimbwa tangu 1545, ungali unachimbwa. Mwenye pumu asiingie: vumbi la mawe huua mapafu, na wachimbaji wanalijua hilo kuliko yeyote. Ukiingia, fuatana na aliyewahi kuchimba, vaa barakoa, peleka soda au majani ya koka kama zawadi, na ukatae maonyesho ya kulipua baruti. Wenzako wako kazini.

Asubuhi tafuta k'alapurka, supu nzito ya unga wa mahindi inayotiwa jiwe la moto bakulini. Huendelea kutokota mezani, basi anzia pembeni na jiwe usiliguse.