Chensoo ya kuazima iliyotiwa petroli tupu

Kaka uliyeazima chensoo (msumeno wa injini) ukaitia petroli bila oili, usikimbilie kununua mpya kumlipa mwenyewe. Petroli tupu mara nyingi inakula pistoni, ringi na silinda tu, kwingine kunabaki kuzima. Fungua ekzosi uchungulie pistoni kupitia tundu la kutolea moshi, ukiona mikwaruzo ya wima upande huo ndo imekwisha, badilisha pistoni na silinda pamoja maana ringi mpya haziwezi kuziba silinda iliyochubuka. Nazifungua sana hizi za wapasua mbao hapa Urambo. Ila kama krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) inacheza hapo gharama inapanda, bora umwite mwenye mashine aione ikiwa wazi kabla hamjaelewana bei. Mchanganyo ni mililita 20 za oili ya tustroku (ya injini za mapigo mawili) kwa lita 1 ya petroli, sio oili ya gari.