Uzamili wa afya ya jamii au uzamivu wa saikolojia? Angalia kazi unayoitaka kwanza

Wengi wanaomaliza shahada ya kwanza ya saikolojia na kupanga kuomba vyuo vya Marekani hujikuta njia panda: wakimbilie PhD ya saikolojia tiba, au wasome MPH, yaani uzamili wa afya ya jamii? Usianze na hadhi ya cheti. Anza na kazi utakayokuwa unaifanya kila siku.

Chukua dodoso la PHQ-9 linalopima sonona. Lina maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Mtu akipata 14, mwanasaikolojia tiba ndipo anapoanza: anamhoji kwa kina, anaangalia alivyojibu swali la 9 kuhusu mawazo ya kujidhuru, anapanga tiba. Mtu wa afya ya jamii ana majibu ya watu 600 mezani. Anataka kujua wangapi wamefika alama 10 na kuendelea, wanatoka kata zipi, na kituo cha afya cha karibu kina nani wa kuwapokea.

Kama moyo wako umebaki kwa yule mwenye 14, MPH haikufai. Haikupi leseni ya kutibu, hata ukimaliza wa kwanza darasani, na hili linaumiza watu kila mwaka kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema. Ila kabla hujakimbilia PhD, fahamu kwamba Marekani mtu mwenye uzamili wa ustawi wa jamii au wa ushauri nasaha anaweza kutibu akishatimiza saa za kazi chini ya msimamizi na kufaulu mtihani wa leseni. Njia hii inasahaulika mno.

Kwenye pesa ndipo hesabu nyingi zinapokosewa. PhD ya saikolojia tiba huchukua miaka 5 hadi 7, pamoja na mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo ambao nafasi zake zinagombewa nchi nzima, kisha EPPP, mtihani wa leseni ya wanasaikolojia. Lakini programu nyingi za PhD husamehe ada na kulipa posho. MPH kwa kawaida ni miaka 2, isiyopungua krediti 42 kama imeidhinishwa na CEPH, chombo kinachokagua masomo ya afya ya jamii Marekani, na mara nyingi ada inatoka mfukoni mwako. Kwa hiyo iliyo fupi inaweza kukuachia deni kubwa kuliko ile ndefu. PsyD, yaani uzamivu wa saikolojia unaolenga zaidi tiba kuliko utafiti, ndiyo ya kuangalia kwa makini zaidi: ni ndefu, na wengi wanaisoma kwa mkopo.

Kwa mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1, tazama namba ya CIP, yaani namba ya fani yako, itakayoandikwa kwenye I-20, fomu unayopewa na chuo. Baada ya kuhitimu unaruhusiwa kufanya kazi miezi 12. Nyongeza ya miezi 24 ni ya fani zilizo kwenye orodha ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) tu. Epidemiolojia (26.1309) na biostatistiki (26.1102) zimo. MPH ya jumla (51.2201) haimo. Wanafunzi wawili wa shule moja wanaweza kutoka na haki tofauti, basi uliza kabla hujakubali nafasi.

Ukichagua MPH, saikolojia yako ni mtaji: unajua kuunda swali na kupima tabia. Udhaifu uko kwenye takwimu za sampuli. Tuseme umehoji watu 600, 20 kutoka kila kijiji. Majirani hufanana, na kama kufanana huko kwa majibu, kwa kipimo cha 0 hadi 1, ni 0.05, hesabu ni 1 + (19 × 0.05) = 1.95, ambapo 19 ni wale 20 wa kijiji ukitoa mmoja. Gawanya 600 kwa 1.95: hao 600 wana uzito wa watu kama 308 hivi. Mwanafunzi aliyezoea t-test ya maabara, yaani kulinganisha wastani wa makundi mawili, huliruka hili, na matokeo yake yanaonekana ya uhakika kuliko yalivyo. Soma angalau kozi mbili za takwimu zaidi ya ile ya lazima, na ujue vizuri R au Stata, programu za kompyuta za kuchambua takwimu. Tanzania na Kenya takwimu za vituo vya afya zimo kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2, nao ufahamu mapema kama unapanga kurudi. Mafunzo ya vitendo ya MPH yanakudai angalau kazi mbili za kuonyesha. Tafuta mahali watakapokupa data uichambue, usikubali kupangwa kwenye kugawa vipeperushi tu.

Unaweza kuomba zote mbili. Maombi mengi ya PhD hufungwa mapema Desemba, na unachaguliwa na profesa mmoja, hivyo mwandikie Agosti au Septemba kumuuliza kama anachukua mwanafunzi mwaka huo. Maombi ya MPH hupitia SOPHAS, mfumo wa mtandaoni wa kuomba shule nyingi za afya ya jamii kwa pamoja, na shule nyingi hupokea hadi miezi ya baadaye. Usitumie barua moja kwa zote. Ya PhD ijengwe juu ya swali lako la utafiti na jinsi linavyoshabihiana na kazi ya profesa huyo. Ya MPH itaje tatizo, watu linaowakumba, na ujuzi unaoufuata pale shuleni.