Kabla Hamjapiga Picha na Miche ya Bure

Nilikuwa katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji chetu, wilayani Mufindi, pale wageni wa kampuni moja ya nishati walipokuja na lori la miche ya milingoti, yaani mikaratusi. Walileta fulana za kijani, soda na mpiga picha. Tukaambiwa miti hiyo itafyonza hewa ukaa ambayo kampuni inaitoa kwingine. Nilisaini muhtasari siku hiyohiyo, na miche ikapandwa bondeni, hatua chache tu kutoka kwenye chemchemi.

Mlingoti hunywa maji mengi. Kila mkulima wa huku analijua hilo, nami nilikuwa nalijua. Nilinyamaza kwa sababu miche ilikuwa ya bure. Mwaka wa nne, vinyungu, yaani bustani za bondeni, vya chini ya chemchemi, ambako mama alikuwa akilima mahindi na maharage kiangazi chote, vilikuwa vimekauka kabla Septemba haijaisha. Wageni hawakurudi. Sura zetu niliziona baadaye kwenye kalenda yao.

Ndugu zangu mlio kwenye halmashauri za vijiji, nawasihi: ulizeni kwanza kampuni inaishi kwa kuuza nini, na katika kazi hiyo yenyewe imepunguza uchafu kiasi gani. Mwaka 2000 BP, kampuni ya mafuta ya Uingereza, ilijipa nembo mpya ya kijani na njano na kujitangaza kuwa imevuka mafuta. Iliendelea kuyachimba, na mwaka 2010 kisima chake kililipuka katika Ghuba ya Mexico, wafanyakazi 11 wakafa.

Kisha ombeni karatasi. Miti ni ya nani? Hewa ukaa ikiuzwa, fedha inaingia mfuko gani? Nchi yetu, Tanzania, ina kanuni za biashara ya kaboni, yaani hiyo hewa ukaa, tangu 2022, kwa hiyo msikubali maneno matupu. Wakisema wamepanda miti elfu kadhaa, waulizeni imepona mingapi.

Wenzetu mnaoishi jirani na makaa ya mawe, Songwe na Ruvuma, mna nguvu zaidi. Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Madawati anayoleta ni wajibu wake. Yapokeeni, kisha muulizeni habari ya vumbi la malori na maji yanayotoka mgodini.

Na pimeni wenyewe. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kandokando ya vyanzo vya maji. Kamba ya kupimia ingetosha siku ile, na hakuna aliyeibeba.

Mwaka jana mkutano mkuu wa kijiji uliamua milingoti ya bondeni ikatwe na visiki ving'olewe. Tumepanda mivengi, miti ya asili inayopatana na maji. Maji hayajarudi kama zamani, lakini wiki iliyopita nilimkuta mama anafyeka kinyungu chake.