Mwanangu ana kifafa na mjomba anataka tukatambike: je, nikubali?

SWALI: Shikamoo Baba Padri. Mimi ni mama Mkristo, ninaishi katika kijiji kimoja wilayani Newala. Mwanangu wa pili, mwenye umri wa miaka saba, alianza kuanguka mwaka juzi. Mwanzoni tulidhani ni degedege la homa, lakini sasa huanguka hata akiwa hana homa, na mwezi uliopita aliangukia jikoni akaungua mkono. Baba yake yuko Dar es Salaam na hatumi kitu. Mikorosho yetu mwaka huu imeshikwa na ugonjwa wa ubwiriunga kwa sababu sikuwa na fedha ya dawa ya salfa. Mjomba wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, alikwenda kupiga ramli akaambiwa kwamba marehemu bibi yetu amekasirika kwa kuwa hatujampelekea unga kaburini, na kwamba mtoto avalishwe hirizi kiunoni. Nilipokataa alisema, "Basi wewe baki na Mungu wako, mtoto nitampeleka mimi." Jirani yangu naye ananishauri nitume shilingi elfu hamsini kwa nabii mmoja ili niletewe mafuta ya upako. Nimeomba mpaka nimechoka. Je, nikikubali tambiko kwa ajili ya amani ya ukoo, huku moyoni namtegemea Mungu, nitakuwa nimetenda dhambi? Na mafuta hayo je?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kabla sijafungua Biblia, naomba ufanye jambo moja leo hii: usimwache mtoto huyo peke yake karibu na mafiga, na ukiweza, jiko lizungushie hata magogo mawili matatu ili akianguka asiufikie moto. Akianguka mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote kinywani, na usiogope mate yake, kwa maana kifafa hakiambukizi. Haya mengine tunaweza kuyazungumza mtoto akiwa salama.

Jibu la swali lenyewe ni fupi. Unga usipeleke, hirizi usimvalishe, na fedha kwa nabii usitume. Kama ningekuwa nakujibu wewe peke yako ningeishia hapo, kwa sababu wewe umekwisha kukataa kabla hujaniuliza, na ninavyoona hukuandika kwa kutafuta ruhusa, umeandika kwa uchovu. Lakini maneno ya mjomba wako na ya jirani yako nayasikia kila juma, mengine nayasikia kwa wazee wa kanisa waliovaa suti, na yamenisumbua kwa muda mrefu.

Hoja iliyo nyuma ya tambiko ni kwamba Mungu ni mkubwa mno na yuko mbali, na kwamba mdogo hamfikii mkubwa pasipo kupitia kwa wazee waliotangulia. Hoja hii ina adabu ndani yake, ndiyo maana inawanasa hata watu wazuri. Tazama hata hivyo habari ya mfalme Ahazia katika mwanzo wa Kitabu cha Pili cha Wafalme. Alianguka kutoka chumba cha juu katika Samaria, akaugua, akatuma watu kumwuliza Baal-zebubu, mungu wa Ekroni, kama atapona. Ahazia hakutangaza kwamba Mungu wa Israeli hayupo. Aliona tu kwamba kwa shida hii mahususi kuna mahali penye wataalamu zaidi. Eliya akawakuta wajumbe njiani akawauliza kama ni kwa sababu hakuna Mungu katika Israeli ndiyo maana wanakwenda Ekroni. Swali hilo ndilo ningemwuliza mjomba wako, kwa heshima zote anazostahili mtu wa cheo chake: ni nani aliyekwambia kwamba kwa ugonjwa wa mtoto huyu Mungu hapatikani nyumbani?

Tena kuna jambo katika ramli hiyo ambalo limenikasirisha, na nitalisema wazi. Bibi yenu, kwa kadiri ninavyowajua mabibi wa huku kwetu, ndiye aliyewabeba mgongoni mama zenu wakipanda kutoka bondeni na ndoo ya maji kichwani, na ndiye aliyelala na njaa mwezi wa Januari ili wajukuu wagawane ming'oko, vile viazi vya porini, iliyopatikana. Leo mpiga ramli, ambaye pengine hakumjua, anakuja kuwaambia kwamba mwanamke huyo amegeuka kuwa mtu wa kumwangusha kitukuu chake motoni kwa sababu ya kibaba cha unga. Huko ni kumsingizia marehemu. Ningekuwa mjomba ningedai fedha yangu irudishwe.

Wala asiseme mtu kwamba kanisa linatutaka tuwasahau wazee. Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi kuanzia mwaka 1926, hakulifukuza jando kama wengi walivyotaka. Alilipokea na kuliweka chini ya uongozi wa kanisa, kwa kuwa aliona kwamba si kila kilicho cha mila ni cha mizimu. Nasi katika Ibada ya Misa hatuachi kuwataja marehemu wetu. Lugha yetu yenyewe imetupa herufi chache tu za kututenga na kosa: tunawaombea wafu, hatuwaombi. Safisha kaburi la bibi, lipandie maua, wakusanye ndugu mle pamoja na kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Unga ukiletwa siku hiyo upikwe ugali, wale walio hai.

Sasa nije kwenye swali lako lililo gumu, la kutambika kwa mikono huku moyo ukibaki kwa Mungu. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba hawawezi kunywea kikombe cha Bwana na kikombe cha mashetani. Hao walikuwa watu wenye maarifa, waliojua kabisa kwamba sanamu si kitu katika ulimwengu, na walijitetea kwa hoja hiyo hiyo ya moyo. Lakini moyo hauishi mbali na mikono. Nilikulia Newala, na baba yangu alichimba birika uani ili tukinge maji ya bati, kwa sababu mtu asiyetoka uwanda wa Makonde hajui maana ya kushuka bondeni usiku kufuata ndoo moja. Mwezi wa Aprili birika lilijaa hadi ukingoni, tukaacha kushuka bondeni, na njia ikaota majani. Mwezi wa Julai tulipofunua mfuniko tulikuta tope. Baba alishuka na kibatari akatuonyesha ufa katika saruji, mwembamba kama unywele, ambao kwa mwaka mzima hakuna aliyeuona. Tangu siku hiyo nikisoma Yeremia sura ya pili, Bwana anapolalamika kwamba watu wake wameiacha chemchemi ya maji ya uzima na kujichimbia mabirika yavujayo, sihitaji mfasiri. Shida ya birika lile ilikuwa kubwa kuliko kukosa maji, kwa sababu lilitufanya tuisahau njia ya chemchemi. Ndivyo itakavyokuwa kwako. Leo utapeleka unga kwa ajili ya amani, na mtoto akikaa miezi miwili bila kuanguka (kifafa huwa na vipindi vya namna hiyo chenyewe) mjomba atasema, "Umeona?" nawe utakosa la kumjibu, na mara ya pili mtaulizwa kuku, na mara ya tatu mbuzi.

Ukitaka kujua sanamu ni nini, usianzie kwenye mti uliochongwa. Sisi wakulima wa korosho tunajua stakabadhi ghalani tangu mwaka 2007: unapeleka gunia, linapimwa, unapewa karatasi, na karatasi hiyo ni deni ambalo mwenzako lazima alilipe. Sanamu ni mungu wa stakabadhi. Umepeleka unga, sasa anakudai au unamdai. Mungu aliye hai hatoi stakabadhi, naye hana deni kwa mtu yeyote, na hilo ndilo linalotutisha tunapokuwa katika shida kama yako, maana tungependa kushika kitu mkononi.

Kwa sababu hiyo mafuta ya jirani yako nayaweka kundi moja na hirizi ya mjomba, ingawa najua kuna watakaokasirika. Mafuta yenyewe si haramu. Yakobo katika sura ya tano ya waraka wake anaagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Angalia lakini kwamba ni mgonjwa anayeita na wazee ndio wanaokwenda, na hakuna mahali palipotajwa bei. Chupa inayosafirishwa kwa basi baada ya fedha kuingia kwenye simu, bila mtu kumjua mtoto wala kumshika mkono, ni hirizi iliyoyeyushwa. Hata kitu kilichotoka kwa Mungu mwenyewe huweza kuharibika hivyo. Nyoka ya shaba ilitengenezwa na Musa kwa amri ya Bwana na watu wakaponywa walipoitazama, lakini baadaye Waisraeli walianza kuifukizia uvumba, na mfalme Hezekia akaivunja vipande vipande na kuiita Nehushtani, yaani kipande cha shaba tu. Hapa nchini tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Sitawahukumu marehemu wale, kwa kuwa wengi walikwenda na mizigo kama yako. Wa kuulizwa ni waliobaki wakiuza.

Najua pia nitajibiwa kwa Marko sura ya tisa, ambako Bwana anamponya kijana aliyekuwa akianguka motoni na majini, na imeandikwa kwamba alikuwa na pepo. Basi, watasema, kifafa ni pepo na hospitali haina kazi. Wanaosema hivyo hawajafika Mathayo 4:24, ambapo wenye pepo wametajwa kivyao na wenye kifafa kivyao, na wote wakaponywa. Na hata tukibaki kwenye Marko, hebu tazama Bwana alivyofanya. Hakuuliza ni nani katika ukoo amekasirika. Alimwuliza baba, "Tangu lini amepatwa na haya?" kama anavyouliza tabibu mzuri, na baba akajibu kwamba ni tangu utoto. Kisha yule baba, akiwa amechoka kama wewe, akasema, "Ukiweza neno lo lote, utuhurumie." Hiyo si imani kubwa. Alipokemewa kwa upole akalia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na kwa sala hiyo iliyogawanyika mtoto wake alipona. Unaposema umeomba mpaka umechoka, usidhani umeshindwa mtihani. Omba sala hiyo moja, fupi, hata ukiwa unapepeta mchele.

Siwezi kukuahidi kwamba mtoto atapona kwa sababu umekataa tambiko. Nikikuahidi hivyo nitakuwa nami nakuandikia stakabadhi. Vijana watatu waliosimamishwa mbele ya tanuru ya Nebukadreza walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo," na hata hivyo hawakuisujudia sanamu. Huko ndiko kumtegemea Mungu ambako kanisa limekufundisha, na ni kugumu, sitakudanganya.

Lakini lipo unaloweza kufanya, na kulifanya ni sehemu ya imani yako. Mpeleke mtoto hospitali ya wilaya, au ukipata nauli mpeleke hospitali ya Ndanda, na uwaeleze kwamba huanguka bila homa, mara ngapi kwa mwezi, na kwa muda gani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata tiba sahihi. Vidonge vyake, kama fenobabito, si vya bei kubwa, ila humezwa kila siku, na kosa linalofanywa na wazazi wengi ni kuviacha ghafla mtoto akipata nafuu, jambo ambalo laweza kumletea mianguko mibaya zaidi. Mkono ulioungua nao uonyeshe. Habari ya nauli umwambie mwinjilisti wako bila aibu. Sadaka ya wahitaji si ya kupaka rangi kanisa. Na baba wa mtoto niandikie namba yake kwa siri, nitampigia mwenyewe.

Kuhusu mjomba, usimnyang'anye heshima yake. Kwa desturi yetu mtoto wa dada ni wake, na hofu yake ni hofu ya mtu anayempenda. Mpikie, msalimie kwa kupiga magoti kama ulivyofundishwa, kisha mwambie, "Mjomba, nakuomba twende wote hospitali, wewe ndiye mkubwa wetu, wewe ndiye utakayemsikiliza daktari." Mara nyingi mzee anayepewa kazi ya kufanya huacha kwenda kwenye ramli. Ikiwa atamchukua mtoto kwa nguvu na kumvalisha hirizi wewe ukiwa hupo, dhambi hiyo si yako. Atakaporudi ifungue kwa utaratibu, bila matusi, na uende nayo kwa padri wako. Nilipokuwa msaidizi katika parokia moja huko Nachingwea, mama mmoja aliniletea hirizi ya mwanawe siku ya ubatizo, kitambaa cheusi kilichonukia moshi, akaomba tuifungue mbele yake. Ndani mlikuwa na kipande cha mzizi na karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Tulipoikunjua ilikuwa ukurasa wa gazeti, habari za mpira. Yule mama alicheka mpaka akalia, kisha akaniuliza kama anaweza kwenda nao nyumbani akamwonyeshe mumewe.

Jumapili ya tatu ya mwezi huu nitakuwa Newala kwa ziara. Mlete mtoto, na mjomba aje naye kama atakubali. Nitampaka mafuta kama Yakobo alivyoagiza, na ningependa nione kadi yake ya kliniki.