Udongo wa sumaku: upe muda, na ichunge sumaku yake

Kabla hujanunua udongo wa sumaku, yaani kile kichezeo laini cha kufinyanga chenye unga wa chuma ndani yake, ikague kwanza sumaku inayokuja nao. Mara nyingi ni kipande kidogo cha metali ya neodimi iliyochanganywa na chuma na boroni, aina iliyoingia sokoni miaka ya 1980 na ambayo mpaka leo inazishinda kwa nguvu sumaku nyingine za kudumu tunazouziwa. Mtoto akimeza moja, huenda ikapita salama. Akimeza mbili, au moja pamoja na kipande cha chuma, zinatafutana ndani ya tumbo na kuubana utumbo katikati yake. Damu inakosa njia, utumbo unatoboka. Mwanzoni utadhani ni tumbo la kawaida: anatapika, analalamika maumivu. Ukishuku tu, mpeleke hospitali usiku huohuo, usingoje kukuche.

Kwa hiyo, nyumba yenye mtoto anayetia kila kitu mdomoni isiwe na udongo huu. Mimi nafundisha fizikia, na darasani kwangu sumaku hutoka kabatini mkononi mwangu na kurudi kabatini mkononi mwangu. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo naye akae nayo mbali.

Nimeanza na hayo kwa sababu kinachofuata nakipenda mno, na sitaki kiingie doa.

Wengi wakiupata huuvuta kwa vidole, wakacheka, wakauweka pembeni. Ushauri wangu ni kuacha kuugusa. Ufinyange uwe kimnara kidogo, usimamishe kwenye sahani ya plastiki, kisha weka sumaku kando yake kwa umbali wa upana wa kidole. Mwanzoni utaona kama hakuna kinachotokea. Halafu upande unaoitazama sumaku unaanza kuvimba, unachomoza ulimi mweusi, ulimi unaifikia sumaku na kuipanda taratibu mpaka unaifunika. Endelea na shughuli zako. Ukirudi, sumaku imeshazama ndani kabisa. Kama una simu inayorekodi video za kuharakisha, itege hatua moja kutoka hapo; wanafunzi wataomba kuirudia tena na tena.

Kinachofanyika ni hiki. Udongo wenyewe ni silikoni: minyororo mirefu ya molekuli iliyoshikizwa kwa boroni inayotokana na asidi ya boriki. Vishikizo hivyo huachia na kushika upya kila wakati. Ukivuta polepole vinapata nafasi ya kuachia, na udongo unatiririka. Ukivuta ghafla havipati nafasi hiyo, unakatika. Ukiufanya donge na kuutupa sakafuni, unadunda. Silikoni ya namna hii ilipatikana Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wataalamu wakitafuta mbadala wa mpira. Mwaka 1950 ikaanza kuuzwa kama kichezeo kwa jina la Silly Putty, na mwaka 1968 wanaanga wa Apollo 8, safari ya kuuzunguka Mwezi, waliondoka nayo ili washikizie vifaa visielee ndani ya chombo.

Ukiichanganya silikoni hiyo na unga wa chuma au wa oksidi ya chuma, kila chembe hugeuka sumaku ndogo pale neodimi inapokaribia, ikavutwa kuelekea pale uga wa sumaku, yaani eneo linalofikiwa na nguvu yake, ulipo mkali zaidi. Na kwa kuwa chembe imenasa ndani ya silikoni, inaikokota. Waulize wanafunzi kwa nini sumaku huishia karibu na katikati. Wape muda wabishane kabla hujajibu: chembe za kila upande zinaivuta, na upande wenye udongo mwingi unashinda, mpaka pande zote zinakaribia kulingana.

Wauzaji wengine husema udongo huu unatibu maumivu ya viungo. Usilipie maneno hayo. Kuufinya ni zoezi zuri la vidole, na wataalamu wa tiba ya mikono hutumia silikoni ya aina hiyo isiyo na chuma chochote; sumaku haiongezi kitu. Matumizi makubwa ya unga wa chuma yako kwa ndugu yake wa majimaji: mafuta yenye chembe za chuma hukaza papo hapo yakipitishiwa uga wa sumaku, na tangu 2002 yamewekwa kwenye shokapu za magari, kuanzia na Cadillac.

Ukitaka kujitengenezea, usichukue vumbi la grainda kwa fundi wa kuchomelea. Lina vipande vikali vinavyochoma ngozi. Funga sumaku kwa karatasi, uipitishe kwenye mchanga uliokokotwa na mvua kando ya barabara, ukusanye chembe nyeusi. Zichanganye na gundi nyeupe na boraksi kidogo iliyoyeyushwa kwenye maji. Utavutwa kwa unyonge na utakauka baada ya siku chache, lakini kwa kipindi kimoja unatosha. Wanafunzi wanawe mikono baadaye.

Ule wa dukani utunze kwenye kopo lenye mfuniko, sumaku kwenye kopo jingine. Usiuache mfukoni wala juu ya kochi, maana hutiririka hadi ndani ya nyuzi. Ukishanasa, paka spiriti ya hospitali, subiri ulainike, kisha ukwangue kwa kijiko.