Pamba, moto na neno "ada"

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama falsafa ya Kiislamu na ya Magharibi zinaweza kukaa jamvi moja, ikiwa "moja huanza na imani na nyingine huanza na shaka". Zilishakaa zamani. Na hiyo shaka mnayoipa Magharibi si mali yake peke yake. Kabla mwanafalsafa Mfaransa Descartes hajayashuku macho yake katika kitabu chake cha mwaka 1641, mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali wa Tus, Uajemi, aliyefariki mwaka 1111, alishaandika kuwa nyota huonekana ndogo kama dinari, ilhali hesabu zinathibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia.

Lakini mfano wake ninaoupenda ni wa pamba. Katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa aliuliza: pamba ikikutana na moto ikaungua, umeona nini hasa? Umeona kuungua "wakati" wa kukutana. Hujaona kuungua "kwa" kukutana. Juzi nilijaribu mbele ya jiko la mkaa, na kipande cha pamba nilichochomoa kwenye mto. Kilikunjamana pembeni, kikawa rangi ya chai, kikashika. Nilikodoa macho kweli, ila huo ulazima wa kwamba lazima iungue sikuuona popote. Mke wangu akauliza kama nimemaliza, abandike sufuria.

Kwa Al-Ghazali, anayeunguza ni Mwenyezi Mungu, na moto kuunguza kila siku ni ada tu aliyoiweka. Ndiyo, ada hiyohiyo ya "kama ilivyo ada". Zaidi ya miaka 600 baadaye Mskochi David Hume alitumia mipira ya biliadi badala ya pamba, akafika palepale: mpira mmoja unagonga, wa pili unakwenda, lakini nguvu inayoviunganisha haionekani. Akasema ni mazoea ya akili zetu. Katikati yao yupo padri Mfaransa, Malebranche, aliyeshikilia kuwa Mungu peke yake ndiye sababu ya kweli. Hume alimsoma, akaibeba hoja, akamwacha Mungu mlangoni.

Sasa, aliyemjibu Al-Ghazali kwa ukali hakutoka Paris wala London. Alikuwa Ibn Rushd, mwanafalsafa, tabibu na kadhi wa Cordoba, Hispania, aliyefariki Marrakesh, Moroko, mwaka 1198. Alisema anayekana sababu amekana akili yenyewe, maana kukijua kitu ni kuzijua sababu zake. Kisha akauliza: hiyo ada ni ya nani? Ya Mungu? Ya vitu vyenyewe? Au yetu sisi tunaovitazama? Hume, ambaye hakuwa amezaliwa bado kwa zaidi ya miaka 500, alikuja kulichukua jibu la tatu.

Kwa hiyo mpaka niuchore wapi? Thomas wa Aquino aligombana na Ibn Rushd juu ya akili ya mwanadamu, lakini kwenye suala la moto na pamba mtawa huyo yuko upande wa kadhi, na padri Malebranche yuko upande wa Al-Ghazali. Tena, kwa ramani, Cordoba iko magharibi mbali sana ya Athens, na Moroko kwa Kiarabu huitwa Maghrib, yaani Magharibi. Chuoni kwetu mhadhiri aliruka kutoka Wagiriki hadi Descartes kwa kipindi kimoja, na sisi tukanakili tu.

Tofauti ninayoiona mimi iko kwingine, nayo ni ya watu wawili kabla ya kuwa ya staarabu mbili. Hume anakiri kwamba shaka zikimlemea huenda kula, akacheza bakgamoni, mchezo wa ubao na dadu, na kucheka na marafiki, na akizirudia baada ya saa tatu au nne huziona baridi, hata kichekesho. Al-Ghazali naye alikuwa mwalimu mkubwa wa chuo cha Nidhamiya, Baghdad. Mwaka 1095 akaanza kujiuliza anamfundishia nani, Mungu au sifa yake mwenyewe. Ulimi ukafungwa mbele ya wanafunzi, chakula kikagoma kupita, matabibu wakakata tamaa. Akagawa mali yake, akashika njia ya Damascus, na ikapita zaidi ya miaka kumi kabla hajarudi kufundisha.

Mimi usiku ule nilikula wali uliopikwa kwenye jiko lilelile, nikalala.